Mgonjwa wa figo anakatiwa njia kabla hajapimwa

Kwenye chumba cha kusafishia damu kila kitu huandikwa. Mgonjwa anapimwa uzito kabla ya kuunganishwa na mashine, anapimwa tena baada ya kuchomolewa. Presha inaandikwa, kiasi cha maji kilichotolewa kinaandikwa, saa aliyoanza na saa aliyomaliza zinaandikwa. Kwa vikao 2 vya saa nne kila wiki, miaka mitatu ni vikao zaidi ya 300. Sasa lifungue faili hilo nene na utafute mstari mmoja tu unaosema: mgonjwa ameelezwa kuhusu kupandikizwa figo, tarehe fulani, amepewa rufaa ya kupimwa, tarehe fulani, au hakupewa, kwa sababu hii na hii. Mara nyingi mno mstari huo haumo.

Mgonjwa huyo hajakataliwa na jopo lolote la madaktari, kwa kuwa hakuna jopo lililowahi kulisikia jina lake. Alipita kliniki ya presha, akapita kliniki ya kisukari, akazidiwa usiku mmoja, akawekewa mpira wa shingoni, akaanza kusafishwa damu, na hapo ndipo safari yake ilipoishia. Tukizungumzia haki katika upandikizaji wa figo, mjadala hukimbilia chumba cha upasuaji: vifaa, wataalamu, gharama. Haki inapotea mapema zaidi, siku ambayo mtu mmoja ndani ya kliniki aliamua kimoyomoyo kwamba mgonjwa huyu hana haja ya kutumwa kupimwa, wala asiulizwe na yeyote kwa nini.

Hoja yangu ni kwamba desturi hii igeuzwe. Rufaa ya tathmini iwe ndiyo kawaida kwa kila mgonjwa aliyefika kiwango fulani cha ugonjwa, na asiyetaka kuitoa ndiye aandike sababu yake na kuweka saini.

Upana wa tatizo unaonekana vizuri pale ambapo mtu ameketi akahesabu. Katika jimbo la Georgia, Marekani, watafiti walifuatilia wagonjwa zaidi ya 15,000 walioanza kusafishwa damu kati ya 2005 na 2011, katika vituo zaidi ya 300. Nusu ya vituo hivyo vilitoa rufaa kwa chini ya robo ya wagonjwa wao ndani ya mwaka wa kwanza. Kulikuwa na vituo ambavyo havikumtuma hata mgonjwa mmoja, na kulikuwa na kilichofikia asilimia 75. Jimbo lilikuwa moja na sheria zilikuwa zilezile. Tofauti kubwa namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa ugonjwa peke yake. Kwa sehemu kubwa ni mazoea ya kituo. Aliyepangiwa kituo cha mtaa huu alipimwa, wa mtaa wa pili akabaki kwenye kiti cha kusafishiwa damu.

Kwetu Afrika Mashariki utaalamu si kitu cha kusafiria tena. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Novemba 2017 ikishirikiana na madaktari kutoka India. Miezi michache baadaye, Machi 2018, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafanya hivyo kwa msaada wa wataalamu wa Kijapani. Kenya ilishaanza zamani, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta pamoja na ile ya rufaa ya Moi mjini Eldoret zina uzoefu wa miaka mingi. Pengo lililobaki ni kati ya zahanati ya wilaya na milango ya hospitali hizo.

Tazama hesabu ya fedha, maana ndiyo inayoeleza kwa nini mtu hukwama kitini. Chini ya NHIF, bima ya zamani ya Kenya, kikao kimoja cha kusafisha damu kililipiwa KSh 9,500, vikao 2 kwa wiki. Kwa mwaka ni vikao 104, yaani KSh 988,000. SHA iliyochukua nafasi yake Oktoba 2024 ilipanga KSh 10,650 kwa kikao; kwa vikao vilevile 104 ni KSh 1,107,600. Kifurushi cha NHIF cha kupandikiza kilikuwa KSh 500,000, mara moja. Ni kweli aliyepandikizwa atameza dawa maisha yake yote, na dawa hizo si bei ya chumvi. Hata hivyo mtu yeyote aliyewahi kupanga bajeti ya nyumba anaona mfuko unakovuja.

Marekani ilipita njia hiyohiyo. Tangu sheria ya 1972 serikali kuu inagharimia usafishaji damu, na kitu kilichokusudiwa kuwa daraja kikageuka makazi. Kulipia mashine ni wema mkubwa, watu wako hai kwa sababu yake, na asitokee wa kuupunguza. Lakini mfumo ukilipa vizuri kila kikao na usilipe chochote kwa saa moja ya daktari kukaa na mgonjwa na ndugu zake akawaeleza habari ya kupandikiza, saa hiyo haitapatikana.

Kuna shimo jingine dogo ambalo wapangaji wa bima hawalitazami. Kwa kuwa upandikizaji wetu unategemea wachangiaji walio hai, kumpima mgonjwa maana yake ni kuwapima watu wawili, watatu, hata wanne. Dada ana presha, kaka ana kundi la damu lisilofaa, binamu ndiye anayepita. Kifurushi kinachohesabiwa kwa upasuaji uliofanyika hakiwezi kuwalipia wale wawili walioangushwa na vipimo. Familia yenye ng'ombe wa kuuza itafika kwa binamu. Isiyo nao itaishia kwa dada, kisha itaambiwa mchangiaji hakupatikana.

Rufaa itolewe lini? Mwongozo wa 2020 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya magonjwa ya figo, unasema wazi: wagonjwa wenye uchujaji wa figo, yaani GFR, chini ya 30 (kadiri namba inavyoshuka ndivyo figo zinavyozidi kuchoka), wanaotarajiwa kufikia hatua ya mwisho, waelezwe na wafikiriwe kwa upandikizaji bila kujali kipato, jinsia wala rangi. Watakaofaa watumwe kwenye tathmini angalau miezi 6 hadi 12 kabla ya siku inayotarajiwa ya kuanza kusafishwa damu. Na unataka sababu za kutomtuma mgonjwa ziandikwe. Sharti hilo la mwisho ndilo ningeanza nalo kesho asubuhi kama ningekuwa na kalamu ya wizara, maana halihitaji mashine wala fedha za wafadhili.

Kinachofanyika ni kinyume chake. Mgonjwa anaanza kusafishwa damu kwa dharura, na neno kupandikiza linatajwa, likitajwa, baada ya mwaka au miwili. Kufikia hapo moyo umetanuka kwa presha na maji, mishipa ya shingo imeziba kwa mipira iliyobadilishwa mara kwa mara, ameongezewa damu mara kadhaa, akiba imekwisha na kazi imepotea. Daktari akimtazama wakati huo anaona mtu asiyefaa kupandikizwa. Hajakosea kwa anachokiona leo. Kosa ni la miaka miwili iliyopita.

Hapa kwenye GFR kuna jambo linalotugusa watu weusi moja kwa moja, na ni wagonjwa wachache wanaolijua. GFR haipimwi moja kwa moja katika maabara ya kawaida. Hupimwa kreatinini, taka ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu, kisha fomula inakadiria kwa kutumia umri na jinsia. Fomula mbili zilizotawala kwa miaka mingi, MDRD na CKD-EPI ya 2009, ziliongeza kitu cha tatu: kama mgonjwa ni mweusi, jibu lilizidishwa kwa 1.212 katika ya kwanza na kwa 1.159 katika ya pili. Dhana ilikuwa kwamba watu weusi wana kreatinini nyingi zaidi kwa asili, na ikaelezwa kuwa ni kwa sababu ya misuli mikubwa. Takwimu zilizotumika zilikuwa za Wamarekani weusi. Mkulima wa Singida hakuwemo, wala mvuvi wa Kilwa.

Tufanye hesabu tuione. Mwanamume wa miaka 45 ana kreatinini ya 330 kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Kwa fomula mpya ya CKD-EPI ya 2021, ambayo haiulizi rangi, GFR yake ni 19. Kwa ile ya 2009 yenye kizidisho cha weusi, ni 21. Damu ni ileile, mtu ni yuleyule. Ila Marekani mgonjwa huanza kuhesabiwa muda wa kungoja figo akifika 20 au chini yake, au akianza kusafishwa damu. Huyu wa 19 saa yake imeanza kugonga. Huyu wa 21 anaambiwa arudi baadaye. Kama figo zake zinashuka pointi 3 kwa mwaka, atasubiri miezi kadhaa kwa sababu ya rangi ya ngozi iliyoandikwa kwenye fomu.

Wamarekani walilikubali kosa. Juni 2022 bodi ya mtandao wa taifa wa kugawa viungo vya kupandikizwa ilipiga marufuku fomula zenye kizidisho cha rangi katika kuhesabu sifa ya kungoja figo. Kuanzia Januari 2023 hospitali zikaagizwa kurudi kwenye mafaili ya wagonjwa weusi waliokuwa kwenye orodha na kuwarudishia muda waliopokonywa. Kufikia mapema 2024 zaidi ya watu 14,000 walikuwa wamerekebishiwa, kwa wastani wa takriban miaka miwili kila mmoja. Miaka miwili ya mashine ni vikao zaidi ya 200. Wapo Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi wanaoishi huko, na yeyote kati yao aliyeanza matibabu kabla ya 2023 ana haki ya kuuliza kituo chake kama faili lake lilipitiwa.

Kwa nini jambo hilo lituhusu sisi tusio na orodha ya kitaifa ya kungoja figo? Kwa sababu fomula zilisafiri. Zilikuja ndani ya mashine za maabara na ndani ya programu za simu ambazo madaktari wetu hutumia, zikiwa na swali lilelile: mgonjwa ni mweusi? Katika hospitali ambayo kila mgonjwa ni mweusi, jibu la ndiyo liliwapandisha wote. Kisha ukaja utafiti wa ARK, uliochapishwa 2022, ambao uliwapima watu wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini kwa njia ya uhakika ya kuchoma dawa ya ioheksoli na kufuatilia inavyoondoka mwilini. Ulionyesha kwamba fomula za kreatinini huwa zinaipandisha kazi ya figo kupita ukweli, na kizidisho cha rangi kiliongeza kosa badala ya kulipunguza. Ni rahisi kuelewa sababu yake. Kreatinini hutoka kwenye misuli. Mtu aliyekonda kwa ugonjwa, asiyekula nyama mara kwa mara, ana kreatinini ndogo hata figo zikiwa zimechoka, na karatasi ya maabara inampa afueni ambayo mwili wake hauna.

Kwa hiyo mgonjwa akipewa karatasi yenye GFR, aulize fomula gani imetumika. Kama karatasi ina kreatinini tu, aombe ikokotolewe kwa CKD-EPI ya 2021. Maabara nyingine huandika kreatinini kwa miligramu kwa desilita. Ukiizidisha namba hiyo kwa 88.4 unapata maikromoli. Na kama mgonjwa amekonda sana, daktari asiiamini namba moja peke yake. Kipimo cha sistatini C, protini nyingine ya kwenye damu, hakitegemei misuli kwa kiasi hicho, ingawa hakipatikani kila mahali na ni ghali zaidi.

Rufaa ikishatolewa, kinachowaangusha wengi ni mpangilio wa vipimo. Kanuni yake ni nyepesi: anza na kipimo cha bei rahisi chenye uwezo wa kufunga mjadala, maliza na cha ghali. Kundi la damu ndilo la kwanza, kwa mgonjwa na kwa kila ndugu aliyejitolea, siku moja. Mwenye O anapokea kutoka kwa O tu. Mwenye A anapokea kwa A na O, mwenye B kwa B na O, mwenye AB kwa wote. Alama ya chanya au hasi, ambayo huwatia watu hofu bure, haizingatiwi kwa figo. Baada ya hapo, kwa mchangiaji, presha ipimwe zaidi ya siku moja, sukari, protini kwenye mkojo, kreatinini, na altrasaundi ya kuhakikisha ana figo mbili nzima. Hatua hii ndiyo huwaondoa wengi, na si ajabu: ndugu wa mgonjwa wa kisukari au wa presha wamekula chungu kimoja na wamerithi damu moja. Anayeondolewa hapa amepata faida yake pia, kwani amegundua ugonjwa wake mapema.

Virusi vinafuata: homa ya ini B na C, VVU, na vingine kama CMV. Halafu kipimo cha tishu, HLA, na krosimachi, ambapo seramu ya mgonjwa inachanganywa na chembe nyeupe za mchangiaji kuona kama kingamwili za mgonjwa zitazishambulia. Picha ya CT ya mishipa ya figo ni ya mwisho kabisa. Ni ghali, ina mionzi na dawa ya kuchomwa, na kazi yake ni kumwonyesha mpasuaji figo ipi ichukuliwe na ina mishipa mingapi. Familia inayoanza na CT kwa sababu mashine ilikuwa karibu, ikaja kugundua makundi ya damu hayaendani, imetupa pesa ambayo ingewapima ndugu watano.

Krosimachi ina mtego wake. Inahitaji chembe zilizo hai. Damu ya mchangiaji huwekwa kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, inatunzwa kwenye joto la kawaida la chumba, na inapaswa kufika maabara ndani ya siku moja, ikizidi mbili. Akitokea mtu mwenye nia njema akaiingiza kwenye friji pamoja na sampuli nyingine, au ikachukuliwa Ijumaa jioni ikasubiri hadi Jumatatu, chembe zimekufa na jibu halisomeki. Mgonjwa wa Mtwara au Garissa anaanza tena: nauli, malazi, siku nyingine ya mchangiaji kukosa kazi. Hakuna atakayeandika kwamba mgonjwa huyu alinyimwa haki. Itaandikwa kwamba hakurudi.

Majibu nayo yana umri. HLA haibadiliki, ukipima leo ni ya maisha. Vya virusi huchakaa kwa miezi, na krosimachi hurudiwa siku chache kabla ya upasuaji hata kama ya awali ilikuwa nzuri. Wachangiaji wakipimwa mmojammoja kwa kusubiriana, mara huyu anamaliza wa tatu, majibu ya mgonjwa mwenyewe yameshapitwa na wakati. Mgonjwa naye ana orodha yake inayopaswa kwenda sambamba: eko ya moyo, eksirei ya kifua na uchunguzi wa kifua kikuu, meno, kibofu cha mkojo, mishipa ya nyonga itakapounganishwa figo mpya, na uchunguzi wa saratani kulingana na umri na jinsia. Jino bovu linaonekana jambo dogo, lakini chini ya dawa za kushusha kinga usaha wa jino unaweza kuua. Na chanjo ya homa ya ini B itolewe figo zikiwa bado zina nguvu kidogo, kwa sababu anayeichomwa akiwa tayari kwenye mashine mwili wake huitikia kwa uvivu, na huhitaji dozi maradufu.

Jambo moja zaidi ambalo sitalipita haraka ni chupa ya damu. Figo zikifa, mwili hukosa homoni ya kutengeneza damu, na himoglobini hushuka. Dawa yake ni sindano za erithropoietini pamoja na madini ya chuma. Sindano zikikosekana au zikiwa ghali, mgonjwa anaongezewa damu: leo chupa moja, mwezi ujao mbili. Anapata nguvu, anashukuru, anarudi nyumbani. Lakini kila chupa ina chembe nyeupe za mtu mwingine, na mwili wake unajifunza kuzichukia. Unatengeneza kingamwili dhidi ya tishu za wanadamu wenzake. Miaka miwili baadaye kaka yake mwenye kundi sahihi la damu, mwenye figo safi, anakuja kujitolea, na krosimachi inasema hapana. Basi uamuzi wa kuongeza damu kwa mgonjwa ambaye huenda akapandikizwa usifanywe kwa mazoea. Ikibidi kuokoa maisha, iongezwe. Pale inapowezekana, itumike damu iliyochujwa chembe nyeupe. Kila chupa iandikwe kwenye barua ya rufaa pamoja na tarehe yake.

Wanawake wanaonewa mara mbili hapa. Mimba nayo hufundisha mwili kingamwili, hasa dhidi ya tishu za baba wa mtoto. Mama wa watoto wanne, akiugua figo, anaweza kukuta mume na watoto wake mwenyewe ndio asioweza kupokea kwao. Na kwa upande wa kutoa, sehemu nyingi duniani wanawake ndio wengi kati ya wachangiaji walio hai, huku wakiwa wachache kati ya wapokeaji. Mke anampa mume figo. Mke akiugua, kikao cha ukoo kinakuwa na maneno mengi. Takwimu za rufaa zikikusanywa bila kutenganisha wanaume na wanawake, ukweli huu utabaki umefichwa.

Zipo sababu ambazo hutolewa kimyakimya na hazipaswi kufunga njia. VVU ni mojawapo. Tangu 2008 madaktari wa Cape Town wamepandikiza figo kwa wagonjwa wenye VVU, tena kutoka kwa wachangiaji waliofariki ambao nao walikuwa na virusi hivyo. Anayetumia dawa vizuri na virusi vyake vimefubaa anastahili kupimwa kama wengine. Kifua kikuu kinatibiwa kwanza, kisha njia inaendelea. Umri peke yake si sababu. Mzee wa miaka 66 anayepanda ngazi bila kuhema anaweza kuwa mgonjwa bora kuliko kijana mwenye moyo uliotanuka.

Sababu ngumu kuliko zote ni umaskini, na hapa sitaki kuwaonea madaktari. Anayesita kumtuma mgonjwa maskini hana roho mbaya. Amewaona waliopandikizwa, wakakosa pesa ya dawa za kushusha kinga, takrolimasi na maikofenolati, wakaruka dozi, figo ikakataliwa na mwili, na mchangiaji akabaki na figo moja kwa hasara tupu. Anaona ni huruma kutompa mtu tumaini litakalovunjika. Naielewa huruma hiyo, ila naona inafanywa na mtu asiyestahili na mahali pasipostahili. Daktari wa kliniki ya wilaya hajui kama mgonjwa ana mwana anayefanya kazi Oman, kama ushirika wa kahawa una mfuko, kama bima yake itagharimia dawa hizo. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya rufaa, akikaa na familia na karatasi ya gharama za mwezi kwa mwezi, anaweza kujua. Na hata jibu likiwa hapana, litakuwa limeandikwa. Mia tano wakiandikiwa kwamba wamekosa figo kwa sababu ya dawa, Bunge lina hoja mkononi wakati wa kujadili vifurushi vya bima ya afya kwa wote. Wakiachwa nyuma bila karatasi, hakuna hoja.

Kuna watakaosema kwamba kufungua njia pana kutaleta uuzaji wa figo. Hofu hiyo ina msingi. Aprili 2025 serikali ya Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja binafsi ya Eldoret baada ya tuhuma kwamba vijana maskini walilipwa kutoa figo kwa wapokeaji wa kigeni. Biashara ya namna hiyo hustawi pale mtu asipojua njia halali inapoanzia na nani anahesabu. Tathmini ya wazi ndiyo inayomlinda mchangiaji: anazungumza na daktari wake mwenyewe, asiye daktari wa mpokeaji, anahojiwa peke yake, bila shangazi mlangoni, na akisema moyoni mwake hataki, familia inaambiwa tu kwamba hafai kwa uchangiaji, bila maelezo zaidi. Siri hiyo ni ya lazima. Binti aliyebanwa na ukoo mzima hana mahali pengine pa kukimbilia.

Yanayohitajika ni machache, na mengi hayana gharama kubwa. Daftari la kila kituo cha kusafisha damu liongezewe safu tatu: tarehe mgonjwa alipoelezwa kuhusu kupandikizwa, tarehe ya rufaa, na sababu kama hakupewa. Mkaguzi wa bima, ambaye tayari anakagua idadi ya vikao kabla ya kulipa, akague na safu hizo. Hospitali zinazopandikiza zichapishe vigezo vyao vya kumkubali au kumkataa mgonjwa, kwa Kiswahili, mahali ambapo mgonjwa anaweza kusoma kabla hajakata tiketi ya basi. Katika mpango mpya wa Marekani wa kuongeza upandikizaji wa figo, ulioanza Julai 2025, hospitali zilizomo zimetakiwa kuweka vigezo vyao hadharani, na hakuna sababu ya Dar es Salaam au Nairobi kushindwa. Wizara ikusanye kila mwaka: wangapi walianza kusafishwa damu, wangapi walipewa rufaa, wangapi walimaliza vipimo, wangapi walipandikizwa, kwa mkoa na kwa jinsia.

Wakati hayo yanangojwa, mgonjwa mwenye GFR chini ya 30 anaweza kuomba barua ya rufaa kwenye kliniki ijayo, au amtume ndugu mwenye sauti akaombe naye. Barua nzuri inaingia kwenye ukurasa mmoja: chanzo cha ugonjwa wa figo kama kinajulikana, kreatinini tatu za mwisho na tarehe zake, fomula ya GFR iliyotumika, kundi la damu, mkojo kwa siku, magonjwa mengine na dawa anazotumia, majibu ya virusi, chanjo alizopata, idadi ya chupa za damu alizoongezewa, mimba kama ni mwanamke, na namba ya simu ya mtu wa pili ambaye hospitali itampigia ikiwa ya mgonjwa haipatikani. Akikataliwa barua hiyo, aombe sababu iandikwe kwenye faili lake palepale, pamoja na jina la aliyeiandika na tarehe.